Nilikataa Kumwita Kondoo Mbuzi

Sehemu ya Tano

Nilibonyeza.

Mlioniacha wiki iliyopita kidole kikining'inia juu ya kitufe cha kutuma, mkaniombea nisithubutu, mniwie radhi. Barua ilikwenda. Ilitoka Wabera ikafika ng'ambo kabla sijameza mate, nami nikarudi kuchora visanduku kana kwamba nimepiga chafya tu.

Wewe uliyeingia leo, keti nikupe kwa kifupi. Mimi ni Nakolong, mzaliwa wa Bulapesa hapa Isiolo, mwenye diploma ya mawasiliano na mdomo usiojua breki. Miaka miwili niliishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, hadi ikazuka mashine ya kuwaandikia bure. Nikaomba kazi kaunti, nikaambiwa kuajiri kumesimamishwa. Nikaomba Nairobi, huko nikakuta wanafuta watu kazi. Ndipo nikaangukia pale ghorofani mtaani Wabera, juu ya duka la mabati na misumari, ambapo vijana kumi na mmoja tulikodolea macho picha za mifugo kutwa kucha.

Kazi ilikuwa hivi. Picha inakuja, unamchorea mnyama kisanduku, unamwandikia jina. Ng'ombe. Ngamia. Punda. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa inaifundisha mashine kutambua mifugo kwa kamera, ili kiangazi kikija mfugaji alipwe fidia bila mtu kukanyaga boma lake.

Shida ilikuwa kondoo.

Kondoo wetu ana kichwa cheusi, mwili mweupe, na manyoya mafupi kama ya mbuzi. Kule kwao kondoo ni lazima avae sweta. Sasa kampuni ilikuwa imeficha katikati ya kazi picha za kutupima, ambazo majibu yake yalikuwa yameshaamuliwa huko kwao. Tuliziita mitego. Na kwenye mitego, kondoo wetu alikuwa ameandikwa mbuzi. Kila ukimwita kondoo, alama zinashuka. Zikishuka chini ya tisini, timu nzima inafungiwa mlango.

"Andikeni mbuzi," akatuambia Kithinji, msimamizi wetu. "Mteja akisema ni twiga, basi ni twiga."

Wenzangu wakaandika mbuzi. Mimi nikaandika barua. Nikaambatisha picha mbili za mikia: mbuzi huusimamisha wake, kondoo huuangusha. Mtoto wa chekechea Garbatulla analijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Nikamalizia kwa kuwaambia kwamba mashine yao itakuja kumlipa mtu kwa mbuzi ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Asubuhi yake skrini zote kumi na moja zilikuwa nyekundu. Timu imesimamishwa. Ukaguzi unaendelea.

"Karibuni chamani," akasema Brian. Brian tulimwita Injinia. Alikuwa mwandishi wa programu Nairobi, kampuni ikapunguza watu, akarudi Isiolo na begi la mgongoni na kompyuta yenye ufa. "Mimi barua pepe ya kufutwa ilinipata nikiwa chooni. Nyinyi mna bahati, angalau mmekaa kwa viti."

"Wacha mdomo, Brian," nikamwambia.

"Nakwambia ukweli. Walianza na wa kupika chai. Wakaenda kwa wa kujibu simu. Halafu wakanifikia mimi, niliyewaandikia programu ya kupanga nani afutwe."

Tulikuwa bado tunacheka Kithinji alipopanda ngazi. Hakusalimia. Kithinji ni mtu wa kanisa, asiposalimia ujue kuna msiba.

"Nani ameandikia mteja?"

Tukatazama skrini zetu nyekundu.

"Nauliza kwa Kiswahili, au mnataka Kimeru? Nani ameruka kichwa changu akaandikia mteja?"

"Bosi, mteja yupi?" Brian akauliza.

"Injinia, nyamaza." Akaisogeza simu machoni. "Barua imetumwa jana, saa saba na dakika kumi mchana. Imetoka akaunti nambari nne."

Nikainamisha macho kwenye kibodi.

Hapa inanibidi kuungama jambo ambalo wiki iliyopita nililipitia juujuu. Niliwaambia nilikuwa mbele ya kompyuta. Sikuwaambia kompyuta ya nani.

Ile programu yetu ilihesabu dakika. Ukikaa dakika kumi bila kuchora, inakuandika mtoro na picha zako anapewa mwingine. Kwa hivyo tulikuwa na desturi yetu. Mwenzetu Isnino na wengine wanne wakienda kuswali adhuhuri, sisi wengine tunahamia viti vyao na kuwachorea. Jumapili tukienda kanisani, wao wanahamia vyetu. "Nishikie mashine," mtu anasema, anaondoka. Haikuandikwa popote. Mkataba uliikataza kwa herufi nene: akaunti moja, mtu mmoja. Lakini ndiyo iliyotufikisha mwisho wa kila mwezi.

Siku ile nilikuwa nimemshikia Isnino, mwenye akaunti nambari nne. Nikamchorea picha arobaini. Ya arobaini na moja ikawa kondoo wa mtego, hasira zikanipanda, nikaandika barua palepale kwenye kiti chake. Sikutia jina langu. Nilijiona mjanja. Nikasahau kwamba ule ukurasa hujitilia jina la mwenye akaunti bila kumuuliza mtu.

"Isnino Mahamud," Kithinji akasema. "Ni wewe?"

Isnino alinitazama. Haikuwa zaidi ya kufumba na kufumbua, lakini nilijua amejua. Nani mwingine angekuwa kwenye kiti chake saa saba na dakika kumi?

"Ni mashine yangu," akajibu.

"Sijauliza mashine. Nimeuliza ni wewe?"

"Nami nimekujibu, Kithinji. Ni mashine yangu."

"Basi chukua mfuko wako uende. Mtu mmoja hawezi kuzamisha watu kumi."

Akachukua mfuko. Akachukua chupa yake ya maji na msala wake wa kuswalia uliokuwa umekunjwa dirishani. Kiangazi kilikuwa kimemaliza mifugo ya babake huko Garbatulla, mpaka beberu wa mwisho, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa maziwa ya nyumba ile. Wadogo zake wanne wapo shuleni kwa ajili ya visanduku vyake.

Na mimi? Mimi niliyewaandikia insha wanafunzi wa nchi sita, mimi ambaye sijawahi kushindwa na kondakta wala karani, nilikaa kimya kama gunia la chumvi.

Nilikuwa na sababu, na ilikuwa nzuri. Nikisema ni mimi, nitaulizwa nilitafuta nini kwenye kiti cha Isnino. Nikilijibu hilo, desturi yetu imeanikwa juani, na wote wanaoswali wanafuata njia ya Isnino. Nilijirudia sababu hiyo ngazi zote kumi na nane za kushuka. Barabarani nikaacha kujidanganya. Niliogopa. Basi.

Mama yangu ni dalali wa mbuzi sokoni. Wanaume wamemzoea, hawamtanii tena. Jioni alinikuta nimekalia ndoo, sufuria ya ugali imeungua.

"Umefutwa?"

"Hapana, Mama. Isnino ndiye amefutwa."

"Kwa kosa gani?"

Nikamweleza. Sikuficha. Mama hakupandisha sauti. Alikwangua sufuria kwa kijiko muda mrefu, kisha akaniuliza:

"Wewe si ndiye uliyekataa kumwita kondoo mbuzi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na leo umemwita Isnino Nakolong."

Nikaipokea sufuria, nikaendelea kuikwangua mimi.

"Sokoni," akasema, "mtu akikosea jina la mnyama tunamcheka, anarekebisha, tunaendelea na bei. Akinyamaza akijua amekosea, hatumwiti tena. Kesho utamwambia huyo Mmeru wako."

"Nitamwambia."

"Asubuhi."

"Asubuhi, Mama. Kabla ya chai."

Na nilikusudia. Mungu ni shahidi wangu, na Mama pia. Nililala nimeshapanga maneno, nikaamka nayo, nikayabeba hadi Wabera kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko.

Nikamkuta Kithinji anatabasamu.

"Watu wangu, habari za asubuhi! Mteja amejibu." Akasafisha koo. "Anasema barua ilikuwa kweli. Wamepekua mitego yao, kondoo wote wa kichwa cheusi wameandikwa kimakosa. Wanaomba msamaha. Alama zetu zimerudi tisini na saba."

Tukapiga makofi. Mtu akagonga meza. Mimi machozi yalinilenga, sikatai. Maana ni nani, katika maisha yangu yote ya kuandika, aliyewahi kunijibu kwamba nilichoandika ni kweli?

"Bado," Kithinji akainua mkono. "Wanasema pia... hali ya uchumi huko ni ngumu. Waliowekeza wameondoa pesa zao. Wanafunga timu katika nchi tatu. Hii yetu inafungwa mwisho wa mwezi."

Makofi yakafa.

"Ila watabakisha mtu mmoja Isiolo. Wa kukagua majibu ya mashine. Mkataba wa mwaka mzima. Wanamtaka yule aliyeandika barua. Wataongea naye leo, saa tisa na nusu."

"Mmoja," Brian akarudia. "Na sisi wengine?"

Kithinji akasoma: "Wengine, tunawashukuru kwa mchango wenu."

"Maneno yaleyale!" Brian akaruka. "Nairobi pia walinishukuru mchango wangu. Sijui nani anawauzia hawa watu hiyo sentensi."

Nami nikasimama. Nilikuwa nimemwahidi Mama. Yai lilikuwa bado kwenye kijiko.

"Bosi, nina neno. Ile barua ni yangu."

Mnajua ukimya wa watu wanaongoja mwenzao amalize mzaha? Ndio niliopewa.

"Ni yako," Kithinji akasema.

"Niliiandika mimi. Isnino hakuwepo. Nilikuwa nimemshikia mashine."

"Jana nilipouliza ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Na mdomo wako?"

Brian akacheka hadi akashika ubavu. "Jana barua ilikuwa yatima. Leo imepata kazi, mama mzazi amejitokeza!"

"Hata mimi niliiandika," sauti ikatoka nyuma.

"Mimi nilipiga chapa!"

"Mimi ndiye kondoo!"

Wakacheka, wenzangu hao, kwa ukali wa watu waliofutwa kazi dakika mbili zilizopita. Sikuwalaumu. Ningekuwa upande wao, ningetunga mzaha mkali zaidi. Ukweli wangu niliukalia ulipokuwa na bei. Siku ulipoanza kulipa ndipo nikauleta sokoni. Nani angeununua?

"Nakolong," Kithinji akasema, bila hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Huyo msichana ameteseka jana. Usimle mara mbili. Nimempigia hashiki simu. Wewe ndiye unayejua kwake. Nenda umlete."

Nikaenda. Ni mwendo wa dakika nane, nilitumia ishirini.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anafunga kamba kwenye sanduku.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam." Hakugeuka. "Gari la Garbatulla linatoka saa kumi. Kama umekuja kulia, lia haraka."

Nikamweleza yote kwa mkupuo: jibu la mteja, kazi moja, mkataba wa mwaka, saa tisa na nusu. Nikamweleza pia kwamba nimesema ukweli mbele ya wote wakanicheka.

Akakaa juu ya sanduku.

"Jana ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Leo kuna kazi, unaongea."

"Niliamua jana jioni, Isnino. Kabla sijajua kuna kazi yoyote. Wallahi."

"Usiniapie kwa kiapo changu. Una shahidi?"

"Mama."

"Mama yako dalali?" Akacheka bila kutaka. "Umeniletea dalali awe shahidi!"

Tukacheka wote wawili.

"Sikiliza, abaayo," akasema, akiniita dada kwa lugha yao. "Nikisema barua ni yangu, nimekula kazi yako. Nikisema ni yako, wataniuliza ulifanya nini kwenye akaunti yangu. Mkataba umevunjwa na wewe, umevunjwa na mimi, kazi inaenda nchi nyingine. Umenifunga kamba pande zote mbili."

"Chukua kazi wewe. Mimi sitasema neno."

"Hiyo unaijua vizuri, kutosema neno."

Nilistahili.

Lakini alifungua ile kamba. Akaosha uso, akajitanda shela safi, tukatoka. Kwenye ngazi akaniambia tu, "Uwe chumbani. Nataka ukisikie nitakachosema."

Saa tisa na nusu mama mmoja wa ng'ambo akatokea kwenye skrini, nywele za mvi, kikombe mkononi. Mtandao ulikuwa unakwama, kwa hivyo Kithinji akazima kamera ya upande wetu. Sisi tulimwona, yeye alitusikia tu. Watu wote tulijazana nyuma ya kiti cha Isnino.

Yule mama akamwomba aeleze tena jinsi ya kuwatofautisha.

Isnino akaeleza. Alianza na mkia, kama nilivyoandika mimi, kisha akaniacha mbali. Akamwambia jua likiwa kali kondoo huingiza vichwa chini ya matumbo ya wenzao na kusimama kama kitu kimoja, wakati mbuzi hutawanyika kila mmoja na kivuli chake. Akamwambia picha ikikosa mkia, tazama mdomo: kondoo anakula chini, mbuzi anakula juu, hata kama ni lazima asimame kwa miguu miwili. Akamwambia katika kundi lililokimbizwa, anayeangalia nyuma ni mbuzi.

Yule mama alikuwa anaandika mbio. Mimi nilitazama mgongo wa Isnino nikajua jambo ambalo sikutaka kulijua: barua ilikuwa yangu, lakini kazi ilikuwa saizi yake. Mimi nilijua kuandika kuhusu kondoo. Yeye aliwachunga.

"Vizuri sana," yule mama akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Sasa jambo dogo la mkataba. Thibitisha mambo mawili ili nirekodi. Kwamba barua hii uliiandika wewe mwenyewe. Na kwamba hakuna mtu mwingine aliyewahi kutumia akaunti yako."



"Sema ndiyo," Kithinji akanong'ona. "Neno moja tu. Sema ndiyo!"

Isnino akanyoosha mkono, akazima kinasa sauti ili yule mama asitusikie. Akakizungusha kiti taratibu hadi tukatazamana ana kwa ana.

"Mimi siapi uongo, Nakolong. Na wewe sitakuchongea."

"Isnino, tafadhali..."

Wakati huohuo adhana ya alasiri ikaanza, ikaingia dirishani pale alipokuwa akiweka msala wake. Akasikiliza kidogo. Kisha akasimama, akachukua mfuko.

"Unaenda wapi?" Kithinji akamaka. "Mteja yuko hapo!"

"Naenda kuswali."

Akapita kati yetu. Mlangoni akageuka, akaniambia yale maneno matatu aliyoniambia kila siku kwa miezi kumi na minne, kwa sauti ileile:

"Nakolong, nishikie mashine."

Tukasikia viatu vyake vikishuka ngazi.

Kwenye skrini yule mama akaweka kikombe chini. "Hello? Isnino, uko?"

Brian hakuwa na mzaha. Kithinji alikuwa amefumba macho, midomo ikimcheza, sijui alikuwa anaomba nini na kwa ajili ya nani.

"Isnino? Nakata simu sasa. Uko?"

Nikaketi. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Nikakiwasha kinasa sauti.

"Niko," nikasema.

"Nani anaongea?"